Skrini inakuwa nyeusi, gemu inajifunga: kabla hujanunua kadi nyingine

Swali: Shikamoo kaka. Nilinunua kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 9020 ile ndefu ya kusimama, nikaagiza mtandaoni kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa bei nzuri, fundi akanifungia. Nacheza Euro Truck Simulator 2, ile gemu ya malori, nikiwa na modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) za mabasi yetu. Menyu iko sawa, na nikianza safari mambo ni laini kabisa. Lakini baada ya muda, hasa nikiingia mjini penye magari mengi, skrini inakuwa nyeusi sekunde chache, inarudi, kumbe gemu imeshajifunga. Kuna ujumbe unatokea kwamba draiva, ile programu inayoendesha kadi, iliacha kuitikia. Fundi ameweka draiva mara nyingi, akatumia na ile programu inayotafuta draiva yenyewe. Sasa draiva mpya kabisa inagoma, inasema haioni kadi inayoendana nayo. Wengine wananiambia nipige Windows upya, wengine ninunue kadi nyingine. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue chochote kwanza, na Windows usiipige. Katika maelezo yako kuna mambo mawili yanayonitia shaka kuliko draiva: gemu inakata ukifika penye magari mengi, na kadi uliipata kwa "bei nzuri". Ninavyoona mimi, tatizo lako liko kwenye kumbukumbu ya kadi. Ama kadi inadanganya kuhusu kumbukumbu iliyo nayo, ama hizo modi zinaijaza mpaka inashindwa kupumua. Draiva imebebeshwa lawama kwa sababu ndilo jina lililoandikwa kwenye ujumbe.

Tuanze na ule weusi wenyewe. Tangu enzi za Windows Vista, Windows inaipa kadi kazi kisha inasubiri. Zikipita sekunde 2 kadi haijamaliza wala haijakubali kuiachia hiyo kazi, Windows inahesabu kwamba imeganda, inaiweka upya kadi pamoja na draiva yake bila kuzima kompyuta. Hapo ndipo skrini inakuwa nyeusi. Desktop inarudi kwa sababu draiva imeamka, ila gemu ilikuwa imepanga vitu vyake vyote ndani ya kumbukumbu ya kadi, na vyote vimefutwa. Haina tena pa kushika, inajifunga. Kwa hiyo ule ujumbe unasema jambo moja tu, kwamba kadi haikujibu kwa wakati. Kwa nini haikujibu, hausemi. Inaweza kuwa draiva mbovu kweli, lakini inaweza pia kuwa joto, umeme mdogo, kumbukumbu yenye hitilafu, au kazi iliyozidi uwezo.

Mtandaoni utakuta watu wanashauri uingie kwenye rejista ya Windows, utafute TdrDelay, hizo sekunde 2 uzifanye 8 au 10. Mimi simshauri mcheza gemu afanye hivyo. Mtu anayefanya hesabu kubwa kwa kutumia kadi, au anayetengeneza katuni za 3D, anaweza kuwa na sababu, maana kazi yake moja inachukua muda kweli. Gemu inatakiwa kuchora picha 30 au 60 kwa sekunde. Kadi iliyokaa sekunde 2 nzima bila kutoa hata moja imeshakwama, na sekunde 8 zitakupa skrini iliyoganda muda mrefu zaidi kabla ya kufika palepale.

Sasa kusanya ushahidi, hautakugharimu hata bando. Gemu ikishajifunga tu, bofya kitufe cha Windows, andika Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, angalia mistari ya dakika ileile iliyokata. Ukikuta "Display" yenye namba 4101, au jina la ajabu nvlddmkm lenye namba 14 au 153, ujue ni ile hali niliyoeleza: kadi ilikwama, draiva ikawashwa upya. Hilo nvlddmkm ni faili la draiva ya NVIDIA. Wenye kadi za AMD wataona amdkmdag au atikmdag mahali pake. Ukikuta Kernel-Power namba 41, hiyo ni habari nyingine kabisa: kompyuta nzima ilizimika ghafla, na wa kwanza kuhojiwa ni umeme. Na kama kwenye System hakuna kitu cha dakika ile, lakini ukienda Application unakuta "Application Error" namba 1000 yenye jina eurotrucks2.exe, basi gemu imeanguka yenyewe, na mara nyingi hapo mkono ni wa modi, kadi haihusiki.

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kiofisi. Lakini bila hiyo, wewe na fundi mtakuwa mnabahatisha, na kubahatisha kwa draiva za zaidi ya MB 500 kila moja ni bando linalokwenda na maji.

Shahidi wa pili ni gemu yenyewe. Kwenye Documents kuna folda ya Euro Truck Simulator 2, na ndani yake kuna faili game.log.txt. Kila ukifungua gemu faili hilo linaandikwa upya, kwa hiyo likopi mara tu baada ya gemu kujifunga, kabla hujaifungua tena. Mistari ya mwanzo inataja kadi ambayo gemu inaitumia. Kama badala ya GeForce unaona Intel HD Graphics 4600, basi gemu haijawahi hata kuigusa kadi yako, na pengine waya wa monita umechomekwa kwenye tundu la mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, badala ya tundu la kadi. Hutaamini kesi ngapi huishia hapo. Chungulia nyuma ya kompyuta: matundu yaliyosimama wima karibu na yale ya USB ni ya mazabodi, na yale ya chini yaliyolala kwenye bati lake peke yake ni ya kadi.

Hapohapo nyuma, angalia jambo lingine. Je, kadi yako ina tundu la VGA, lile la bluu lenye vitundu 15? Chipu za NVIDIA za kizazi cha Pascal, ambamo GTX 1050 Ti imo, hazitoi tena mawimbi ya analogi. Kadi halisi huwa na HDMI, DisplayPort na DVI ya kidijitali tu. Tundu la VGA juu ya kitu kinachoitwa 1050 Ti ni dalili nzito kwamba ndani kuna chipu ya zamani. Sisemi ni ushahidi wa mwisho, maana mtengenezaji anaweza kuongeza chipu ya kubadilisha mawimbi, ila mimi nikiliona hilo tundu natafuta bisibisi. Na ubaya wake ni kwamba ndilo linalowavutia wanunuzi wetu: monita nyingi za mtumba ni za VGA, mtu anafurahi kupata kadi isiyomtaka anunue adapta.

Kuthibitisha, pakua GPU-Z. Ni programu ndogo ya bure, haizidi ukubwa wa nyimbo chache, na inasoma chipu yenyewe badala ya kuliamini jina. Kwenye GTX 1050 Ti ya kweli utasoma GP107, nanomita 14, shader (vile vitengo vidogo vya kuchora) 768, kumbukumbu ya GDDR5, upana wa biti 128. Feki zinazozunguka sana zimetengenezwa kwa chipu za GTS 450 na GTX 550 Ti, kadi za mwaka 2010 na 2011. Hizo zitasoma GF106 au GF116, nanomita 40, shader 192. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018, GPU-Z inazitambua nyingi kati ya hizo, na inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi bila kumwonea mtu haya. Usiangalie jina peke yake. Jina limo ndani ya BIOS ya kadi, ile programu ndogo iliyohifadhiwa ndani yake, na mwenye kifaa cha kuandika BIOS anaweza kuandika analotaka.

Na hapa ndipo habari yako ya mjini inapoingia. Mtu aliyeibadilisha BIOS akaandika GB 4 hakuongeza chipu hata moja ya kumbukumbu. Kadi ina GB 1, pengine GB 2, lakini inaiambia Windows ina 4, na Windows inaiamini. Ni kama daftari la kurasa mia lililoandikwa kwenye jalada kurasa mia nne: mwandishi anajaza vizuri, hana wasiwasi, mpaka anapofunua ukurasa ambao haupo. Menyu ya gemu haifiki huko. Barabara ya shamba yenye magari machache haifiki. Ukiingia mjini, majengo, magari ya watu, vioo vya basi lako, vyote vinataka nafasi kwa wakati mmoja. Gemu inaandika mahali pasipo na kitu, kinachorudi ni takataka, kadi inakwama, sekunde 2 zinapita. Ndiyo maana nasema dalili zako zinaendana mno na kadi ya namna hiyo.

Lakini subiri kabla hujampigia muuzaji simu kwa hasira. Ile draiva mpya kugoma, jambo ambalo naona ndilo lililowatia ninyi wasiwasi zaidi, peke yake haithibitishi ufeki. NVIDIA ilitoa draiva ya mwisho ya kawaida ya gemu kwa kizazi cha Pascal mwezi Oktoba 2025, na tawi la 580 (draiva zenye namba 58x) ndilo la mwisho kwa kadi hizo. Baada ya hapo zimebakiziwa marekebisho ya usalama tu, yaliyoahidiwa mpaka Oktoba 2028. Fundi akipakua draiva mpya kuliko hilo tawi, hata 1050 Ti halisi iliyotoka dukani na risiti yake itaambiwa haiendani. Kwa hiyo dalili moja ina maelezo mawili, na unayatenganisha kwa namba.

Fungua Device Manager, kwenye "Display adapters" bofya mara mbili jina la kadi, nenda "Driver", soma toleo. Windows inaliandika kwa mtindo wake, kwa mfano 23.21.13.9135. Chukua tarakimu tano za mwisho, weka nukta baada ya tatu: 391.35. Hiyo ndiyo draiva ya mwisho kwa chipu za Fermi, familia ya GTS 450 na GTX 550 Ti, na ilitoka Machi 2018. Kama kompyuta yako iko kwenye namba hiyo au chini yake, na kila kilicho juu kinagoma, mashaka yanazidi sana. Kama iko kwenye 47x na haipandi zaidi, huenda ni chipu ya Kepler, kizazi kilichofuata Fermi, nacho pia hutumika kutengenezea feki. Na kama draiva ya tawi la 580 inakaa na kufanya kazi, basi umebahatika: chipu si Fermi wala Kepler, na GPU-Z ikisoma GP107 kadi ni ya kweli, tunaendelea na mengine.

Ile programu ya kutafuta draiva yenyewe, iondoe. Zinavutia kwa sababu zinaonyesha orodha nyekundu ya "draiva 23 zilizopitwa na wakati", halafu unabofya kitufe kimoja. Kwa mashine ya mtumba kama yako zinaleta draiva za chipu zilizofanana majina, zinaacha mabaki, na nyingine zinabeba matangazo. Draiva ya grafiki inachukuliwa kwa aliyetengeneza chipu: NVIDIA, AMD au Intel. Basi.

Kusafisha kunafanywa hivi, na mpangilio una maana yake. Pakua kwanza draiva sahihi: kwenye tovuti ya NVIDIA chagua GeForce 10 Series, GTX 1050 Ti, na Windows yako, nayo itakuletea ile inayoifaa badala ya mpya kuliko zote. Pakua na Display Driver Uninstaller, ambayo mafundi wanaiita DDU, ya Wagnardsoft. Vikishakuwa ndani ya kompyuta, zima intaneti kabisa, chomoa waya au zima Wi-Fi. Watu wanaipuuza hatua hii halafu wanalalamika: ukishaondoa draiva, Windows Update inakimbilia kuweka ya kwake kabla hujaweka yako, na mnakuwa wawili mnaofanya kazi moja. Kisha shikilia Shift huku ukibofya Restart, pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4 uingie Safe Mode. Fungua DDU, chagua GPU, chagua NVIDIA, bofya "Clean and restart". Kompyuta itawaka na picha kubwa zilizovimba, kama za mwaka 2000. Usishtuke, ni draiva ya msingi ya Microsoft inashikilia usukani kwa muda. Sakinisha draiva uliyopakua, chagua "Custom" na weka alama kwenye "Perform a clean installation". Washa upya, rudisha intaneti.

Fanya hivi mara moja tu. Kama hali haikubadilika baada ya usafi wa namna hii, kurudia mara ya tano hakutaleta tofauti. Na kupiga Windows upya ni kazi hiyohiyo ya kuondoa draiva, ila inafanywa kwa njia ndefu na kupoteza mafaili.

Tuseme sasa kadi ni halisi, draiva ni safi, na bado inakata mjini. Hapo geukia modi, na hapa nina maneno mengi kidogo kwa sababu mabasi yetu yana tabia yao.

Jaribio la kwanza ni kutengeneza wasifu mpya ndani ya gemu, bila modi hata moja. Usizime modi kwenye wasifu wako wa siku zote, utaharibu safari zako. Endesha kwenye wasifu huo mpya, pita kwenye miji mikubwa, kwa muda uleule uliozoea kukatiwa. Ikishikilia bila kukata, kadi na draiva zimeachiwa huru. Rudisha modi kidogokidogo: ramani kwanza, kisha basi unaloendesha, kisha zile zinazoongeza magari barabarani. Hizi za mwisho ndizo ninazozishuku zaidi, na sababu ni hesabu.

Ngozi ya basi, yaani ile picha yenye rangi, nembo na maandishi yanayozunguka bodi, aghalabu huchorwa kwa pikseli 4096 kwa 4096. Mchoraji mzoefu akiihifadhi kwa mfumo wa DDS uliobanwa, kila pikseli inachukua baiti 1 au chini ya hapo, na picha nzima inakula MB 16 za kumbukumbu ya kadi. Kijana mwenye kipaji aliyejifunza mwenyewe akiihifadhi bila kubana, kila pikseli inachukua baiti 4, na picha ileile inakula MB 64. Kwa macho huoni tofauti. Ongeza nakala ndogondogo ambazo kadi inazihitaji kwa kuchora basi likiwa mbali, unafika kama MB 85. Sasa weka kwenye stendi mabasi 10 ya kampuni tofauti, kila moja na ngozi yake, baadhi yakiwa na picha nyingine ya ndani, viti na mapazia, za ukubwa uleule. Umeshapita GB 1 kabla hujachora hata jengo moja. Kadi ya GB 4 inaanza kutoa jasho, na feki ya GB 1 haina hata mahali pa kuanzia.

Ukitaka kuhakikisha, fungua faili la modi. Mengi yana mwisho wa .scs, na kama halijafungwa kwa ufunguo unaweza kulifungua kwa 7-Zip. Tafuta mafaili ya .dds, yapange kwa ukubwa. Faili la MB 64 au 85 ndilo lililoachwa bila kubanwa. Mwambie aliyelitengeneza kwa upole, wengi wao wanarekebisha wakielezwa. Na ukiwa humo, chungulia game.log.txt tena: modi mbovu huacha mistari mingi ya ERROR yenye jina la folda yake. Mistari michache ya namna hiyo ni kawaida. Mistari mia tano ya basi moja inatosha kukushawishi uliondoe.

Angalia pia mipangilio ya grafiki ndani ya gemu, kwa mambo mawili tu. La kwanza linaitwa "Scaling". Kwenye asilimia 400 gemu inachora kila upande mara mbili ya skrini yako, kwa hiyo monita ya 1920 kwa 1080 inachorewa picha ya 3840 kwa 2160 kisha inapunguzwa. Pikseli milioni 2 zimekuwa milioni 8, kwa uzuri ambao ukiendesha huoni. Weka 100. La pili ni vioo. Kila kioo cha basi ni kamera nyingine inayochora barabara upya, na modi za mabasi zinapenda vioo vingi. Punguza ubora na umbali wa vioo kabla hujagusa kitu kingine chochote. Kama mipangilio imevurugika kiasi kwamba gemu haifunguki, Steam inatoa chaguo la kuiwasha kwa Safe Mode, itumie hiyo.

Umeme na joto nitavipitia haraka, ila usivipuuze. OptiPlex 9020 ndefu hutoka kiwandani na pawa saplai ya wati 290, na hiyo inatosha kwa 1050 Ti ya wati 75, kwa sababu tundu la PCIe, lile la mazabodi ambamo kadi inachomekwa, lenyewe linatoa wati 75. Lakini GTS 450 inataka wati 106 na 550 Ti inataka 116, kwa hiyo feki hizo huhitaji waya wa ziada wa pini 6, ambao pawa saplai yako haina. Fungua ubavu wa kompyuta uone. Kama fundi amechomeka adapta inayotoa umeme kwenye waya wa SATA wa diski na kuupeleka kwenye kadi, una shida juu ya shida. Tundu la SATA limepimwa kutoa wati 54 kwenye volti 12, na pini 6 ya kadi ina ruhusa ya kuvuta 75. Plastiki hizo huyeyuka, na hili silisemi kwa kutia chumvi. Ziko 1050 Ti halisi zenye pini 6 pia, kwa hiyo waya huo peke yake hautoi hukumu ya ufeki, ila adapta ya SATA iondoe leo.

Kwa joto, rudi GPU-Z, ukurasa wa "Sensors", weka alama kwenye "Log to file", cheza mpaka ikate. Faili litakalobaki linaonyesha joto, kasi na kumbukumbu iliyotumika sekunde chache kabla ya weusi. Kadi inayokufa ikiwa kwenye nyuzi 65 haifi kwa joto. Ikiwa kwenye 90 na zaidi, safisha vumbi, hakikisha feni inazunguka, na mwambie fundi abadilishe ile krimu ya kijivu iliyoko kati ya chipu na kipoza joto, ambayo kwenye kadi ya miaka minane huwa imeshakauka na kuwa unga. Ukiwa na faili hilo, angalia na safu ya kumbukumbu: kama kila mara inakata ikikaribia MB 1000, kadi imejisema yenyewe.

Ikithibitika ni feki, irudishe. Piga picha ya GPU-Z ikionyesha neno FAKE au GF106, piga picha ya Event Viewer, fungua madai kwa aliyekuuzia kabla muda wa kurudisha haujaisha. Usikubali akutumie "draiva maalumu", maana hiyo ni draiva ya zamani iliyobadilishwa ili imkubali mwongo. Wapo wanaoirudishia kadi BIOS yake ya asili, na inawezekana, ila baada ya hatari yote hiyo utabaki na GTS 450 ya mwaka 2010 inayokubali draiva za mpaka 2018.

Ukirudishiwa pesa, kwa pawa saplai hiyohiyo tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la pini 6. Ni kizazi cha Turing cha mwaka 2019, inakula wati 75, na kizazi hicho hakikuachwa pamoja na Pascal, bado kinapata draiva mpya. RX 6400 ya AMD inakula wati 53 tu na inatajwa sana kwa kompyuta za ofisi, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe, na mazabodi ya umri wa 9020 ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo itabanwa hasa pale kumbukumbu inapojaa. Kwa mtu wa modi nyingi kama wewe, ningechukua 1650. Muuzaji akikubali, iwashwe mbele yako na GPU-Z ifunguliwe: isome TU117 au TU116, shader 896.

Nitumie kwanza hivi: picha ya ukurasa wa mbele wa GPU-Z, namba ya draiva kutoka Device Manager, na mistari 40 ya mwanzo ya game.log.txt. Ukikuta GP107, usimrudishie mtu kadi. Tutaanza na ule wasifu usio na modi.